Maji ya Mwani na Bustani ya Jambiani

Wasomaji wetu watukufu, wamo miongoni mwenu wanaopanda mchicha na bamia nyuma ya nyumba zao, na wamo wenye vijana waliokwisha kusoma ambao huliona jembe kuwa ni aibu. Kwa ajili ya hao wote tumeona vyema kueleza habari za safari tuliyoifanya katika mwezi wa Mfungo Tano, wakati wa kusi, kwenda Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja. Twalikuwa tumesikia ya kuwa huko yuko bibi mmoja, mkulima wa mwani, anayenyunyizia nyanya zake maji ya mwani. Baadhi ya watu walimsifu kupita kiasi, na baadhi walimcheka. Sisi twaliona ya kuwa jambo linalosifiwa na kuchekwa kwa wakati mmoja lafaa kwenda kuonwa kwa macho.

Twaliondoka mjini baada ya sala ya Alfajiri, ndani ya daladala iliyojaa watu, vikapu na magunia. Njia ni ya kilomita zipatazo 50. Hapo mwanzo msafiri huona ardhi nzuri yenye minazi, miembe na mashamba ya muhogo. Akiisha kupita Tunguu na Bungi, na kisha msitu wa Jozani wenye kima punju wekundu wanaojulikana ulimwenguni, ardhi hubadilika. Udongo hupungua na mawe huzidi, hata afikapo Paje huona vichaka vifupi vimeota juu ya mwamba wa matumbawe. Hiyo ndiyo ardhi ya mawe ambayo wenyeji huiita uwanda. Mkulima wa huko halimi shamba moja kubwa la kunyooka; hutafuta vishimo vya udongo katikati ya mawe, akapanda hapa mche mmoja na pale mche mwingine. Mvua inyeshapo, maji hupotea chini ya mwamba kama yaliyomiminwa katika chujio.

Twalipofika Jambiani maji yalikuwa yakipwa. Zilikuwa siku za bamvua, na bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali sana, ikaacha uwanja mpana wa mchanga mweupe na madimbwi. Katika uwanja huo twaliona safu baada ya safu za pegi za miti, na kati ya pegi na pegi kamba zilizofungwa vijimwani vidogo vidogo. Wanawake walikuwa wameinama ndani ya maji yafikayo magotini, kanga zimefungwa viunoni, wakifungua mwani uliokomaa na kufunga mbegu mpya. Kipande kidogo kilichofungwa leo huvunwa baada ya wiki sita hivi. Kisha hubebwa mpaka ufukoni kikiwa kizito kwa maji, huanikwa, na kilo saba hata kumi za mwani mbichi hubaki kilo moja tu ya mwani mkavu.

Yafaa tuseme machache juu ya asili ya kilimo hiki. Zamani watu wa pwani yetu walikuwa wakiokota mwani wa mwitu ukapelekwa ng'ambo. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa wataalamu waliohimiza kwa utafiti wao ya kuwa mwani waweza kulimwa katika bahari yetu. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza katika vijiji vya pwani hii, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina mbili zilienea, spinosamu na kotonii. Mwani mkavu hupelekwa nchi za mbali, ukatolewa humo uteute unaotumika kuzuia vyakula na dawa za meno visijitenge na kuwa majimaji. Wanawake wengi walipata kwa kazi hiyo fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza, wakasomesha watoto na kuezeka nyumba. Lakini kotonii, ambayo bei yake ni kubwa zaidi, imedhoofika mno tangu miaka ya 2000 kwa ajili ya kuzidi joto la maji na maradhi, na wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo.

Baada ya adhuhuri twalikwenda kubisha hodi kwa yule bibi. Nyumba yake ni ya mawe na chokaa, na nyuma yake pana kiwanja kilichozungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa ili mbuzi wasiingie.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwatoka mjini na jua lote hili! Ketini kwanza mnywe maji."

Alikuwa mtu wa makamo aliyekwisha kuvuka miaka sitini, mwembamba, vidole vyake vimekatwakatwa na kamba za miaka mingi. Pamoja naye alikuwapo mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na saba hivi, anayesoma skuli. Twaliposema sababu ya kuja kwetu, bibi alicheka.

"Mmekuja kutazama maji yanayonuka," akasema. "Basi kaeni upande unakotoka upepo."

Kwa hakika pipa lile lilinuka. Lilikuwa kivulini, limefunikwa kwa kipande cha bati. Bibi alitueleza ya kuwa kila msimu wa upepo mkali mwani mwingi hukatika kambani na kutupwa ufukoni, ukachanganyika na mchanga na majani ya baharini. Mnunuzi haukubali mwani huo kwa kuwa ni mchafu, na kwa miaka mingi yeye aliuacha uoze. Sasa huuokota ungali mbichi, akausuuza mara mbili ili kuondoa chumvi na mchanga, akaukatakata na kuutia katika pipa la maji ya mvua aliyoyakinga wakati wa masika. Huukoroga kila baada ya siku chache. Baada ya wiki tatu huchuja kwa kitambaa, na makapi huyatupa katika shimo la mboji. Maji yaliyochujwa hayatumii vivi hivi. Kikombe kimoja hukichanganya na vikombe 20 vya maji matamu, hata rangi yake ikawa kama chai isiyokolea, na huyanyunyiza juu ya majani wakati wa jioni, mara moja kila baada ya wiki mbili.

Twalimwuliza ni nani aliyemfundisha. Bibi hakujibu, alimtazama mjukuu wake, na yule kijana akainamisha kichwa. Ndipo tulipoelezwa kisa ambacho, kwa idhini yao wote wawili, twakieleza hapa.

Mwaka uliotangulia, kijana huyu alinunua mjini chupa ya maji meusi kwa mchuuzi mmoja ambaye hatuna haja ya kumtaja. Mchuuzi alisema ya kuwa ni mbolea ya mwani, na ya kuwa anayeitumia hahitaji tena samadi. Chupa ile haikuwa na maandishi yoyote ya kipimo. Kijana aliinunua kwa fedha za bibi yake bila ya kumwambia, akitaka kumfurahisha kwa mavuno makubwa. Na kwa kuwa aliona dawa ikiwa nzuri basi nyingi ndiyo bora, aliichanganya na maji machache, akainyunyiza wakati wa jua la mchana. Baada ya siku chache kingo za majani zilikuwa kama zilizopitiwa na moto. Maua yakapukutika. Nyanya zile ndizo zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya gharama zake za masomo.

"Sikumpiga wala sikumtukana," bibi akasema. "Nilimwambia tu: bahari imekwisha kula miaka yangu, sasa wewe umeileta mpaka bustanini ile na nyanya zangu."

Kijana akatwambia ya kuwa maneno hayo yalimwuma kuliko fimbo. Alikwenda kwa mwalimu wake wa skuli akamweleza yote, na mwalimu akamfahamisha habari za maji ya mwani: jinsi yanavyotengenezwa, na kwa nini kipimo ni jambo kubwa kuliko chupa yenyewe. Aliporudi alimwomba bibi yake waijaribu tena kwa mwani wao wenyewe, bila ya kutoa senti. Bibi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja: nusu ya matuta yatiwe maji ya mwani, na nusu yatiwe maji matupu, na samadi iwe sawasawa kwa yote.

Hapa twaomba ruhusa ya wasomaji tuiache bustani kidogo, tueleze yale ambayo elimu imekwisha kuyajua juu ya jambo hili, ili mtu asije akadhani ni uganga.

Watu wa pwani za dunia wametumia mwani mashambani tangu kale. Katika visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, ambako ardhi ni mwamba mtupu kama uwanda wetu, wenyeji walitandaza mchanga na mwani juu ya mawe, tabaka juu ya tabaka, mpaka wakajifanyia udongo wa kupandia viazi. Lakini mwani mbichi ni mzito, hauwezi kuchukuliwa mbali. Katika miaka ya 1940 Mwingereza mmoja, Reginald Milton, alitafuta njia ya kuugeuza mwani kuwa maji, na hati ya haki ya ugunduzi wake ilitolewa mwaka 1952. Tangu hapo maji ya mwani yamekuwa yakiuzwa katika nchi nyingi. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini hutumika zaidi mwani wa rangi ya hudhurungi unaoota kwenye bahari za baridi. Huko India wataalamu wa Bhavnagar, katika jimbo la Gujarat, wameshughulikia maji yanayokamuliwa katika kotonii mbichi, yaani mwani ule ule uliolimwa na mama zetu wa Jambiani.

Je, maji hayo yana nini? Yana potasiamu kwa wingi, na madini mengine kidogo kidogo, kama chuma, zinki na manganizi. Yana pia chembe chache sana za vitu ambavyo mimea yenyewe huvitumia kuamrisha ukuaji wake, kama auksini na saitokinini. Vitu hivyo, hata vikiwa haba, huweza kuuhimiza mzizi utanuke, jani libaki kijani kwa muda mrefu zaidi, na mche uvumilie vizuri zaidi ukame na chumvi. Katika mboga na matunda, majaribio mengi yameonyesha ubora ulioongezeka: tunda lililo gumu zaidi, lenye sukari zaidi, au lenye kukaa siku nyingi zaidi baada ya kuchumwa. Lakini matokeo hayafanani kila mahali. Hutegemea aina ya mwani, namna ya kuutengeneza, mmea wenyewe, udongo, na wakati wa kunyunyiza.

Jambo ambalo yule mchuuzi alilificha ni hili: maji ya mwani yana naitrojeni na fosforasi kidogo mno, na hivyo hayawezi kuwa badala ya samadi. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2019, umeviweka vitu vya namna hii katika fungu lao wenyewe la vichochezi vya mimea, mbali na mbolea. Mbolea ni chakula. Kichochezi ni kama kiungo kinachomfanya mtu ale vizuri chakula kilichopo. Asiye na chakula sahanini hatashibishwa na kiungo.

Na jambo la pili ni kadiri. Katika jaribio la nyanya lililochapishwa na wataalamu wa India mwaka 2011, maji ya kotonii yalipimwa kwa nguvu mbalimbali. Kipimo cha sehemu 5 katika 100 kilizaa vizuri kuliko vipimo vikali zaidi. Vile vitu vinavyouhimiza mmea vikiwa vichache, vikizidi huuzuia. Kijana wetu alikwisha kulijua jambo hilo kwa hasara.

Sasa turudi bustanini. Matuta yalikuwa sita, na kwenye kichwa cha kila tuta lililonyunyizwa pamewekwa kombe jeupe la baharini. Kijana alitoa daftari lake, na sisi twalilisoma kwa makini. Katika mchicha hakuona tofauti yoyote, naye ameandika hivyo hivyo bila ya kuficha. Katika nyanya, matuta mawili yaliyonyunyizwa yalizaa vizuri kuliko wenzake, na nyanya zake zilipowekwa kapuni zilichelewa kulainika kwa siku mbili tatu. Kwa mtu anayepeleka nyanya mjini kwa daladala, siku mbili tatu si jambo dogo. Lakini tuta la tatu lililonyunyizwa lilishindwa na la maji matupu, na sababu yake ilionekana wazi: mkorosho wa jirani ulilifunika kwa kivuli.

"Mimi nilitaka nilifute hilo," kijana akasema. "Bibi akanikataza."

"Ukifuta hilo, na hayo mengine nani atayaamini?" akajibu bibi.

Twalipokuwa tukinywa chai ndipo tulipojua ya kuwa katika nyumba ile palikuwa na ubishi ambao haujakwisha. Wiki moja kabla ya kufika kwetu alikuja mfanyabiashara, akaonja kwa macho nyanya zile, akataka auziwe chupa mia za maji ya mwani. Alisema ya kuwa yeye atabandika karatasi zenye maneno "Mbolea ya Mwani" na atalipa nusu ya fedha kwanza. Fedha hizo zingetosha kuanza masomo ya chuo ambayo kijana anayatamani. Bibi alikataa.

Kijana alisema kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji: "Bibi, mwani wa kuuza umeshuka bei, na wewe magoti yanakuuma. Hii ndiyo riziki iliyokuja mlangoni. Kwa nini tuifukuze?"

"Mwanangu, sikuifukuza riziki," akasema. "Nimeukataa uongo. Yeye ataandika mbolea, na hii si mbolea. Atakayeinunua ataacha kutia samadi, na shamba lake litakufa njaa, kama nyanya zetu zilivyoungua. Na sisi tumejaribu msimu mmoja tu, katika matuta sita. Nisichokijua bado, sikiuzi."

Twalinyamaza wote. Twakiri ya kuwa kwetu sisi halikuwa jambo jepesi kumhukumu kijana. Haja yake ni ya kweli, na taabu ya bibi yake baharini ni ya kweli. Lakini twalikumbuka ya kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekwisha kuuziwa chupa isiyo na kipimo, na ya kuwa mchuuzi yule naye hapana shaka alikuwa na watoto wa kulisha. Kila udanganyifu wa sokoni una haja nyuma yake. Dini yetu haikutuamrisha kuwa waaminifu katika mizani wakati ule tu ambapo hatuna shida.

Kijana ndiye aliyesema kwanza. Alisema ya kuwa atajaribu misimu miwili mingine, safari hii na bamia na pilipili pia, na majirani wawili watajaribu katika bustani zao, ili isiwe habari ya kiwanja kimoja. Kisha, matokeo yakiwa mema, watauza kwa jina lake la kweli, na kila chupa itaandikwa kipimo chake na maneno haya: haichukui mahali pa samadi. Bibi alimtazama kwa muda, akasema, "Hapo tutakwenda pamoja, inshallah." Masomo ya chuo yatangoja, na hilo halikumfurahisha mtu yeyote katika nyumba ile. Lakini ubishi ulikwisha.

Kwa wasomaji wanaotaka kujaribu nyumbani, twaongeza mambo machache. Msiokote mwani karibu na mahali panapotoka maji machafu ya mji, wala mahali penye mafuta ya vyombo, kwa kuwa mwani hunyonya uchafu uliomo baharini. Mwani wa mwitu wa rangi ya hudhurungi huweza kuwa na aseniki, nayo ni sumu. Basi msiutumie kwa wingi na kwa kurudiarudia katika mboga za kuliwa. Usuuzeni mwani vizuri, maana chumvi ni adui wa bustani. Jaribuni kwanza miche michache, na mwiache mingine bila ya kuitia, ili mjue tofauti. Osheni mboga kabla ya kuzipika. Na samadi ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kuku, iliyooza vizuri, ibaki kuwa ndiyo msingi.

Jioni, maji yalipokuwa yakijaa tena na pegi zote zimefunikwa, twaliaga. Twalimwomba bibi atuuzie chupa moja kwa ajili ya bustani yetu ya mjini. Alikataa fedha, akatujazia chupa na kuifunga kwa kipande cha nailoni, na kijana akaandika kipimo juu ya karatasi kwa mwandiko mzuri. Bibi akatwambia, "Hii si ya kuuza, ni ya kujaribu. Mkiisha kuona, mema au mabaya, nileteeni habari."

Chupa hiyo tunayo, na matuta yetu manne tumekwisha kuyapanda: mawili kwa maji ya mwani, mawili kwa maji matupu. Habari tutakayoiona, mema au mabaya, tutaipeleka Jambiani kwanza, kisha tutaiandika hapa.